Msingi wa katiba: India ndiyo, Kenya hapana

Wapo wanaosema kwamba Kenya, kama India, imekubali kuwa katiba ina msingi usioguswa. Hapana, ndugu. Mahakama ya Juu ya Kenya haikukubali fundisho la "muundo msingi", yaani kwamba kuna nguzo za katiba ambazo Bunge haliwezi kuzigusa. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zililikubali mwaka 2021 kwenye kesi ya BBI, mpango wa kuibadilisha katiba ya Kenya, ila Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikalitupa. Soma ibara ya 255 utaona sababu: katiba yenyewe imeorodhesha mambo 10, kuanzia ukuu wa katiba hadi ugatuzi, ambayo hayabadilishwi bila kura ya maoni. Kinga ipo tayari, na iko mikononi mwa wananchi. Mimi naona hapo majaji walisoma sawasawa.

Wengi wanachanganya kwa sababu BBI ilianguka vilevile. Ilianguka kwa hoja nyingine: Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ya mpango wa wananchi, yaani njia ya raia wenyewe kukusanya saini, ibara ya 257.

India ndiko fundisho lilikoshika, kesi ya Kesavananda Bharati, 1973, majaji 7 dhidi ya 6. Katiba yao haina kura ya maoni, kwa hiyo usizilinganishe hukumu hizi mbili juujuu.