Maswali ya wasomaji: viungo chini ya minazi

Swali: Minazi yangu ina kama miaka 12, nafasi ni mita 8 kwa 8, na katikati panaota majani tu. Nataka kuweka viungo, watu wananiambia mkarafuu ndo unalipa. Nianze nao?

Jibu: Hapana, kwanza angalia juu. Kuanzia miaka 8 hivi mpaka 25 ndo mnazi unaweka kivuli kizito kuliko umri mwingine wowote, kwa sababu makuti yameshajaa na shina bado halijarefuka, na minazi yako iko hapo hapo. Mkarafuu ukiwa mchanga unapenda kivuli, lakini ukikua unataka jua ndo utoe maua, na maua yenyewe unayasubiri miaka 6 au zaidi, sasa ukiuweka humo utarefuka mwembamba unatafuta mwanga na wewe unangoja tu. Anza na manjano au tangawizi, zinavumilia kivuli na ndani ya miezi 8 mpaka 10 umeshavuna. Ila usilime kila mahali! Mizizi mingi ya mnazi iko ndani ya mita 2 kuzunguka shina, hapo jembe lisiingie, kwa hiyo kwa nafasi yako unabaki na ukanda wa mita 4 hivi katikati. Na mbolea kila zao lipewe yake, usitegemee tangawizi itakula ya mnazi, mwisho wake zote zitadhoofu.

Swali: Pilipili manga nimeipandisha kwenye minazi na imekubali vizuri, shida mkwezi anagoma, anasema hakwei mti wenye mimea ya watu.

Jibu: Mkwezi ana haki yake, akikwea hapo ama ataichana pilipili ama atateleza yeye. Ngazi inasaidia, unaiegemeza mpaka juu ya pilipili halafu anaendelea kukwea kutoka hapo, lakini hilo linawezekana tu kama pilipili umeizuia isipite mita 3 au 4, kwa hiyo kata vichwa, na ukikata inatoa matawi ya pembeni ambayo ndo yanazaa. Kama minazi ni mifupi angusha nazi kwa mti mrefu wenye ndoano na maneno yaishe. Mimi lakini ningeacha baadhi ya minazi bila pilipili kabisa, na pilipili nyingine ningeipandisha kwenye miti ya gilirisidia huko katikati ya mistari, mti ule unapogolewa upendavyo na majani yake ni mbolea.

Kwa wanaotaka kuanza: pilipili ndo zao pekee ninaloruhusu liingie karibu na mnazi, na hata hilo usilibandike shinani. Chimba shimo dogo kama mita 1 kutoka kwenye shina, upande usiopigwa na jua kali la mchana, halafu uilaze kuelekea mnazi na kuifunga kwa kamba isiyobana. Maji yasituame hapo hata kidogo maana ugonjwa wa kuoza shina unaanzia chini, ukishaona majani yanalegea mara nyingi umeshachelewa. Matandazo weka makumbi, yanashika unyevu kweli kweli.

Swali: Iliki je?

Jibu: Iliki inataka milima na ubaridi, mnazi unataka joto la tambarare. Achana nayo.

Swali: Mkungumanga wangu uko chini ya minazi, unatoa maua kila msimu lakini tunda hata moja sijaona, ni kivuli?

Jibu: Kivuli unakipenda, nadhani umebahatika kupata dume. Mikungumanga mingi ina dume na jike mbalimbali, na ukipanda mbegu hujui umepata nini mpaka utoe maua, miaka 6 au 8 hivi. Usiukate kwanza, dume 1 linatosha majike kama 10, wewe tafuta miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kwa kikonyo (kijiti) kilichokatwa kutoka kwenye jike linalozaa, uipande jirani yake. Au bebesha kikonyo cha jike kwenye huo huo ulionao, ukiacha tawi moja la dume kwa ajili ya chavua.