Ozzy wa 2002 si Ozzy wa 1980, na majibu mengine kwa wakusanyaji wa muziki wa metali

Barua zimejaa tena, na nusu yake zinauliza lile lile la CD au santuri. Nimelijibu hapa chini kwa mstari mmoja, tena kwa mara ya mwisho. Zilizobaki zina maana, hata zile zilizoandikwa kwa hasira.

Shikamoo mzee. Nilinunua "Blizzard of Ozz" ya Ozzy Osbourne, ya CD, ya mtumba lakini safi kabisa. Rafiki yangu anayo hiyo hiyo, ila anaapa ngoma za kwake si hizi za kwangu. Tunasikiliza albamu moja au mbili? (Arusha)

Marahaba. Mbili, zilizovaa jalada moja. Geuza kasha, soma mwaka kwenye yale maandishi madogo ya chini yanayoumiza macho. Ukikuta 2002, mwenzio ndiye mwenye albamu.

Iliporekodiwa, ikatoka 1980, besi alipiga Bob Daisley na ngoma Lee Kerslake, pembeni ya gitaa la Randy Rhoads. Baadaye wawili hao na upande wa Ozzy wakafikishana mahakamani kwa mambo ya malipo. Toleo la 2002 likaja besi na ngoma zao zimefutwa, mahali pake wamepiga Robert Trujillo na Mike Bordin. "Diary of a Madman" ya 1981 ikatendewa vivyo hivyo. Rhoads alikuwa ameshafariki kwa ajali ya ndege tangu Machi 1982, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza. Matoleo ya 2011 yakawarudisha wapigaji wa mwanzo, kimya kimya, kama mtu anayerudisha kuku wa jirani usiku.

Sisemi Trujillo na Bordin hawajui kazi. Wanaijua. Lakini Kerslake alipiga Rhoads yupo, wakisukumana na kuachiana nafasi. Anayekuja miaka 20 baadaye anafuata gitaa kama mtu anayekanyaga nyayo za mwenzake mchangani, kila mguu mahali pake na mwendo si wake.

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wanaoniambia kila kitu kipo kwenye simu. Kipo, ndiyo. Kipi? Mwenye haki akiamua kesho kubadilisha rekodi, utaamka asubuhi jina lile lile, jalada lile lile, ngoma nyingine, na hakuna atakayekuambia. CD iliyo kabatini kwangu haipokei masahihisho.

Ukiwa bado umegeuza kasha, kagua na Megadeth zako. "Rust in Peace" ni ya 1990. Toleo la 2004 lilichanganywa upya, na kwa kuwa baadhi ya sauti za awali hazikupatikana, mwimbaji wao Dave Mustaine aliimba upya sehemu kadhaa. Kuna watu wamekua na hilo la 2004 wakidhani ndilo lenyewe. Nawaonea huruma kidogo.

CD au santuri? (Dodoma, Kisumu, Mombasa, Dodoma tena)

CD, kama pesa yako ina kazi nyingine.

Kaka, dukani kuna santuri mpya ina stika kuwa ni ya gramu 180 na imesawazishwa upya. Bei ni mara tatu ya CD. Ina thamani hiyo? (Nairobi)

Gramu 180 ni uzito wa plastiki. Hata mchele tunapimiwa kwa gramu, na hakuna aliyewahi kudai kilo inapikika vizuri kuliko nusu. Santuri nyingi tamu za miaka ya 1980 ni nyepesi, ukizishika ukingoni zinapepea.

Uliza maswali mawili tu. La kwanza, kila upande una dakika ngapi? Mfereji inamopita sindano, sauti ikiwa kubwa, unahitaji nafasi. Ukibana dakika 28 upande mmoja, lazima sauti ishushwe na besi ipunguzwe. Ndiyo maana "...And Justice for All" ya Metallica, 1988, yenye dakika zaidi ya 65, ilitolewa kwa santuri mbili. (Besi bado haisikiki, lakini hilo ni kosa la waliochanganya sauti.) La pili, waliposawazisha upya walifanya nini? Mara nyingi jibu ni kwamba wamepandisha sauti yote iwe juu sawasawa mpaka ngoma haina tena pale pa kuruka. "Death Magnetic" ya Metallica, 2008, ilifikia mahali wapenzi wakagundua kuwa nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zinapumua kuliko zilivyo kwenye CD. Mchezo wa video!

Kama hujapata majibu hayo mawili, kanunue CD ya zamani iliyokwaruzika. Mikwaruzo ya upande unaong'aa mara nyingi haina neno. Mwogope aliyekwaruza upande wenye maandishi, maana utando wa alumini uko chini tu ya hapo.

Nina kanda halisi ya Slayer, "Reign in Blood". Upande B unarudia upande A, wimbo kwa wimbo. Nimeuziwa mbovu? (Morogoro)

Hujauziwa mbovu. Albamu hiyo ya 1986 haifiki hata nusu saa, basi kwenye kanda wakaiweka nzima upande A na nzima tena upande B. Ikiisha unageuza, inaanza upya, huna haja ya kurudisha nyuma kwa kalamu ya BIC. Kwa watu wa Slayer huo ni ukarimu.

Ila kabla ya kuicheza tena, ifungue dirishani uangalie ukingo wa utepe. Ukiona unga mweupe, ni ukungu. Usiitie kwenye mashine, maana utauambukiza mkanda wa kila kanda itakayofuata.

Nifungue santuri iliyo bado kwenye nailoni, au niiache ipande bei?

Fungua.

Nasafisha santuri zangu zote kwa spiriti ya hospitali na pamba. Zinang'aa. Sasa nataka kusafisha na za bibi. Je, ni salama? (Tanga)

Simama hapo hapo ulipo, weka pamba chini.

Santuri zako za metali ni za vinili. Spiriti kidogo iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa haiziui, ingawa pamba inaacha nyuzi ndani ya mifereji na sindano itazifagia. Tumia kitambaa laini, futa kwa kufuata mzunguko. Lakini za bibi, kama ni zile nzito, nene, zinazovunjika kama sahani ya udongo na kuzunguka mara 78 kwa dakika, ni za shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay 1928 kurekodi. Wewe unataka kumfuta sebuleni kwa pamba ya duka la dawa. Maji yaliyotoneshwa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa, basi. Lebo ya katikati isiguse maji.

Wala usizicheze kwa sindano ile ile ya Iron Maiden. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya vinili inachezacheza ndani yake kama mtoto ndani ya viatu vya baba.

Na kwa kuwa uko Tanga, joto la pwani ni adui mkubwa kuliko vumbi. Simamisha santuri wima, usizilaze kwa rundo, wala usizibane ukutani panapolowa wakati wa masika. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha boksi kwenye kiti cha nyuma cha gari Kariakoo, saa saba mchana, nikasema naingia dukani dakika kumi. Nilirudi baada ya saa nzima. Ya juu kabisa ilikuwa imejikunja kama chapati iliyotolewa jikoni sasa hivi. Ninayo bado. Sindano inapanda, inashuka, inapanda, halafu inaruka nje.

Nimempata mtu mtandaoni anauza "The Soundhouse Tapes" ya Iron Maiden, mpya kabisa, bei nafuu, anasema anazo tatu. Niharakishe? (Kampala)

Zilitengenezwa 5,000 mwaka 1979, kabla bendi haijapata kampuni kubwa, na tangu hapo imeghushiwa kuliko karibu santuri yoyote ya metali. Mtu mwenye tatu, mpya, kwa bei nafuu? Mwambie akutumie picha ya maandishi yaliyochongwa kwenye ile sehemu tupu karibu na lebo, ulinganishe na zilizothibitishwa kwenye Discogs, ile tovuti ya orodha za santuri. Akisema kamera imeharibika, mtakie heri.

Hivyo hivyo kwa "Deathcrush" ya Mayhem, 1987. Ya kwanza zilikuwa 1,000 tu, zimepewa namba. Na wanaotafuta Black Sabbath ya kwanza, ile ya Februari 1970: lebo ya Vertigo ya Uingereza ya siku hizo ina duara jeusi na jeupe linalozunguka mpaka kichwa kinauma. Ukikuta chombo cha angani kilichochorwa na Roger Dean, hiyo ni chapa ya 1973 kuendelea. Ni nzuri kusikiliza, lakini usilipe bei ya kizunguzungu.

Freddie Mercury ni wetu. Naruhusiwa kuweka Queen kwenye rafu ya metali? (Zanzibar)

Weka "Sheer Heart Attack" ya 1974 peke yake. Ndani yake kuna "Stone Cold Crazy", na Metallica walipoirudia wakapata nayo tuzo ya Grammy ya metali mwaka 1991. Kwa hiyo mtoto wa Mji Mkongwe alifika kabla ya wengi. Zilizobaki ziweke rafu ya chini, na usinitumie barua ya matusi.

Kuna chochote cha huku kwetu cha kukusanya, au tutabaki na ya Wazungu tu? (Eldoret)

Swali zuri, na limechelewa. Anza na Duma, vijana wawili wa Nairobi, albamu yao ya 2020 yenye jina lao wenyewe, iliyotolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si metali ya gitaa la starehe. Ngoma za mashine zinakimbia kama matatu iliyokatika breki, na juu yake mtu anapiga kelele kama anayetoa pepo. Aliyekuwa akipiga hizo kelele, Lord Spikeheart, akatoa "The Adept" mwaka 2024. Botswana wapo Overthrust na Skinflint. Ukiona toleo la kushika la bendi yoyote kati ya hizi, usiseme utarudi mwisho wa mwezi. Hutengenezwa chache, na anayezimaliza huwa yuko Ujerumani.

Halafu nenda Zambia ya miaka ya 1970. Si metali, lakini sikiliza gitaa lilivyochafuliwa kwenye "Lazy Bones!!" ya WITCH, 1975, uniambie Sabbath hawakufika Lusaka. Za asili zina bei ya kiwanja. Chukua zile zilizotolewa upya na kampuni ya Now-Again. Hapo, kwa mara moja, nakubali toleo jipya.

Nilinunua CD ya Kijapani ya Judas Priest. Ilikuja na ukanda wa karatasi ubavuni wenye maandishi yao, nikautupa asubuhi hii. Una kazi gani? (Dar es Salaam)

Unaitwa obi. Japani CD zilizotengenezwa nyumbani zilikuwa ghali kuliko zilizoagizwa nje, ndiyo maana makampuni yakaongeza wimbo mmoja au miwili ili mteja asiende kwa zile za nje. Obi ndiyo inayomweleza huyo mteja anachopata na kwa bei gani. CD bila obi yake hushuka bei mara moja.

Gari la taka mtaani kwenu hupita saa ngapi?