Dokta Anajibu: chatu aliyeungua Kasulu, nyoka wa macho meupe Gungu, na swila aliyenasa kwenye nyavu Kibirizi

Safari hii barua za nyoka zimezidi za ng'ombe na kuku, na zote ni za huku huku Kigoma, mwisho wa reli. Nimetoa tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu maana huyo mnyama bado yuko ndani ya pipa mpaka leo.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi niko Kasulu vijijini. Jirani alichoma shamba moto ukamshinda, asubuhi tukamkuta chatu kama wa mita moja na nusu ameungua mgongoni na ubavu wa kushoto. Watu walitaka kumuua nikawabembeleza nikamchukua nikamweka kwenye pipa la plastiki. Nimempaka mawese na dawa ya mswaki ili apoe, nampa dagaa na maziwa lakini hagusi. Ila amenizoea, nikimshika katulia tu. Nifanyeje ale, na akipona naruhusiwa kumfuga?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kumtetea, wengi wangeshamponda na jembe. Ila hapo uliposema amekuzoea ndo pamenishtua kuliko hata kuungua kwenyewe. Chatu wa porini mwenye nguvu zake ukimshika anauma, hana sumu lakini meno yake yanachana, na atajisokota mkononi hadi ujute. Akitulia namna hiyo ujue kachoka, mwili umeisha maji. Ngozi iliyoungua inavujisha maji usiku na mchana, sasa piga hesabu tangu siku ya moto hadi leo amepoteza kiasi gani.

Kwa hiyo anza na maji, chakula baadaye. Chukua beseni, weka maji ya uvuguvugu, kina kisizidi nusu ya unene wa mwili wake, mweke humo kama dakika 15 hadi 20 na wewe ukiwa hapo hapo, usiende dukani, nyoka aliyeishiwa nguvu anazama hata kwenye maji machache. Atakunywa mwenyewe, utaona taya zinacheza taratibu. Humo humo mawese na ile dawa ya mswaki zitaanza kutoka, usisugue, mwagia tu maji pole pole. Mafuta kwenye kidonda cha moto yanashika uchafu na dawa ya mswaki inazidi kuunguza, hata kwa binadamu ni hivyo hivyo. Kukiwa na malengelenge usiyatumbue.

Akishakauka mpake iodini, ile ya kahawia ya duka la dawa, lakini uizimue kwa maji safi mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi sana. Spiriti hapana, mafuta ya taa hapana kabisa, maana yanapita kwenye ngozi yanaingia mwilini. Pipani mtandikie magazeti au kanga kuukuu iliyofuliwa, siyo udongo wala pumba za mbao maana vinaganda kwenye kidonda, na ukiona pamechafuka badilisha muda huo huo usisubiri kesho.

Sasa joto, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo panapoua nyoka wengi wanaookotwa. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi, anategemea la nje. Kasulu iko juu, usiku panapoa sio kama Ujiji huku chini ziwani, na chatu akipoa kinga yake ya mwili inazubaa, kidonda hakifungi, dawa hata umpe ya bei gani haifanyi kazi yake, na akiwa na chakula tumboni kinaozea humo. Anataka kama nyuzijoto 28 mpaka 32. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kitambaa kizito, iweke upande mmoja tu wa pipa ili akizidiwa asogee upande wa pili. Usiiache wazi imguse, nyoka ana tabia ya kulala juu ya kitu cha moto mpaka kinamuunguza na haondoki, na huyu tayari ana majeraha. Jiko la mkaa ndani ya chumba usiweke, moshi wake utamdhuru yeye na wewe.

Chakula usimlazimishe. Chatu hajui dagaa wala maziwa, kwao ni panya, ndege, sungura, na akiwa mkubwa hata mbuzi. Mwenye afya anakaa miezi bila kula na hana shida, kwa hiyo huyo hafi na njaa wiki hii wala ijayo, ila ukimsukumia kitu kooni akiwa hana maji na amepoa unaweza kumuua mwenyewe kwa mkono wako. Kidonda kikishakauka na akianza kutoa ulimi na kuzunguka pipani, muwekee panya mmoja mdogo aliyekufa, jioni, funika, ondoka. Akila usimshike siku kadhaa, ukimshika anatapika, na kutapika kunamrudisha nyuma sana.

Ukiona mapovu mdomoni, au anapumua kinywa wazi, au kidonda kinanuka, hapo si kazi ya nyumbani tena. Nenda kwa daktari wa mifugo wilayani, na mkumbushe mambo mawili kwa heshima maana wengi wetu tumezoea ng'ombe: ampime uzito kwanza (mtie kwenye gunia, mzani wa dukani unatosha) kwa sababu dozi inaenda na uzito, na sindano apige nusu ya mbele ya mwili. Damu ya upande wa mkia inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka, kwa hiyo dawa inaweza kupotea njiani au ikaumiza figo zenyewe.

Kuhusu kumfuga, hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kwa hiyo kukaa na chatu nyumbani bila kibali ni kesi hata kama nia yako ilikuwa kumtibu. Nenda leo ofisi ya maliasili ya wilaya au TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) ueleze ulivyompata, usisubiri majirani wakutangulie. Na siku ya kumrudisha arudishwe pale pale jirani na alipokutwa, nyoka anajua mashimo yake na maji yake, ukimpeleka mbali anaweza kuhangaika mpaka akafa. Kupona kwenyewe ni miezi. Kila akivua gamba utaona kovu limepungua kidogo, inaweza ikapita mara kadhaa ndo ngozi ikashika.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, Gungu. Nyuma ya banda la kuku kuna nyoka mdogo wa kahawia, macho yamekuwa meupe yana ubluu, anajikunja tu hapo. Watoto wanasema ni kipofu wanamuonea huruma, wamemuwekea maziwa. Tumsaidieje?

JIBU: Dada, hao watoto wana roho nzuri, waambie sio kipofu wala haumwi, anajiandaa kuvua gamba. Nyoka hana kope, jicho limefunikwa na gamba angavu kama kioo, na gamba jipya likiota chini yake katikati panaingia majimaji ndo jicho linaonekana lina ukungu. Siku chache macho yatakuwa safi tena, zikipita nyingine chache atajisugua kwenye mawe aache ganda zima, mkiliokota mtaona mpaka vile vifuniko viwili vya macho vimo, waonyesheni watoto halafu wanawe mikono na sabuni.

Maziwa toeni. Na msimsogelee, sio mimi wa kusema ni nyoka gani kwa barua, rangi ya kahawia wanayo wengi wenye sumu na wasio na sumu, na kipindi hiki haoni vizuri kwa hiyo anauma haraka kuliko siku nyingine. Fungieni kuku na watoto mbali, atahama mwenyewe. Asipohama mwiteni afisa wanyamapori.

SWALI: Dokta, sisi wavuvi wa Kibirizi. Mara kwa mara tunapandisha nyoka kwenye nyavu, kahawia ana pete nyeusi shingoni, saa ingine amekufa saa ingine amekatwa na uzi. Wenzangu wanampiga kasia. Mimi naona si sawa, anakula samaki kama sisi tu. Tumtoeje bila kuumwa?

JIBU: Kaka, kwa maelezo yako huyo ni swila wa maji wa Tanganyika, na maisha yake karibu yote anakula samaki. Akiwa majini huwa anawakimbia, hana haja na nyie. Anazamia mpaka mita kama 25 na anaweza kukaa chini dakika kama 10, ila anapumua hewa, nyavu ikimshikilia anazama kama mtu. Ndo maana mnampandisha amelegea mnadhani amekufa, jamaa anamnyanyua kwa mkono, kumbe mzima. Aliyelegea mhesabu ni mzima, na hata aliyekufa kichwa chake usikiguse.

Usijaribu kumchomoa kwenye matundu. Kata kipande cha nyavu mbali na yeye, pande zote, nyavu itashonwa, msukume kwa kasia aingie kwenye ndoo kubwa pamoja na hicho kipande, funika, kifuniko kiwe na vitundu vidogo, weka kivulini. Ndoo isiwe na maji, amechoka atazama humo humo, kitambaa kibichi kinatosha. Mkifika ufukweni mpigieni afisa wanyamapori, kazi ya kumtoa uzi aachiwe mwenye kulabu na bomba la kuingizia kichwa, ndo mkasi unapita salama. Msimrudishe ziwani na uzi mwilini, akimeza samaki mwili unatanuka, uzi unazama kwenye nyama, na mwisho wake kitatokea kidonda cha kumuua. Akishatolewa uzi na ikaonekana imekatika ngozi tu, aachiwe kwenye mawe ya ufukwe ule ule, ikionekana nyama atibiwe kwanza.

Na kama mtu ameumwa, achana na nyoka kabisa. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba, lile jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha halivuti sumu. Mlazeni, mguu au mkono ulioumwa ufungwe na kijiti usichezecheze, toeni pete na saa, injini iwashwe mje moja kwa moja hospitali ya Maweni. Sumu ya huyu inalegeza misuli, kwa hiyo mwangalieni kope: zikianza kushuka na ashindwe kumeza mate, mlazeni kiubavu asipaliwe, na akiacha kupumua mpulizieni hewa mdomoni msiache mpaka mfike hospitali, moyo unaweza kuwa unadunda vizuri tu na kinachomuua ni kukosa pumzi.