Miezi kumi na miwili si yenu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni sajenti wa jeshi la Marekani, kitengo cha ujasusi. Majuzi tumehamishwa kutoka Texas kuja Fort Meade, Maryland. Binti yetu kapata nafasi chuo kikuu cha umma humu jimboni, lakini bili imekuja ya wageni, mara tatu ya ile ya wakazi. Dirishani pa chuo wanasema mpaka tutimize miezi 12 ya kuishi jimboni. Jirani yetu naye si mwanajeshi, ni mtumishi wa kiraia wa idara ya ujasusi humo humo kambini. Je, mwanawe atapata ada ya mkazi? — Mama Binti

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo miezi 12 ni ya watu wengine. Tangu Julai 2009, kwa sheria ya shirikisho, mwanajeshi aliye kazini zaidi ya siku 30, mwenzi wake na mtoto anayemtegemea hawatozwi na chuo cha umma zaidi ya mkazi, mradi kituo chake cha kudumu kiko jimboni. Hata kama mabegi hamjayafungua.

Rudi dirishani na nakala ya amri ya uhamisho, ile yenye jina la kituo kipya na tarehe ya kuripoti. Omba fomu ya ukaazi, ujaze sehemu ya wanajeshi. Cheo na kituo vinatosha. Hawana haja ya kujua mumeo anasikiliza simu za nani.

Umetaja Texas. Wanajeshi wengi huacha makazi yao ya kisheria huko kwa kuwa jimbo halitozi kodi ya mapato. Kama mumeo ni mmoja wao, binti ana haki ya ada ya mkazi huko pia. Pigeni hesabu ya majimbo yote mawili kabla ya kulipa chochote.

Baba akihamishwa kesho kwenda Ujerumani, ada haipandi, ila binti asikatishe masomo. Hapo ndipo wengi hunaswa: mtoto anapumzika muhula mmoja, akirudi anahesabiwa upya.

Jirani yako ni habari nyingine. Sheria ya mwanzo ilikuwa ya wanajeshi tu. Wanadiplomasia waliongezwa baadaye, kisha watumishi wa idara za ujasusi, na kila kundi lina tarehe yake ya kuanza. Aulize chuo kwa maandishi kama muhula wa mwanawe umo, na achukue barua ya mwajiri. Vyuo binafsi havimo kabisa.