Nundu ya mikromita 1.4 haitoshi: kwa mnaoanza kutafuta mvuke wa maji kwenye sayari za nyota nyingine

Wadogo zangu, kila msimu wa rasimu nakutana na sentensi ileile: "Tumegundua maji." Nikiifungua data, nakuta nundu moja kwenye spektra (mwanga wa nyota uliochambuliwa kwa urefu wa mawimbi), pale kwenye mikromita 1.4 ambapo angahewa ya sayari imefyonza mwanga, basi. Nawapenda, ndiyo maana nawaambia mapema, kabla mhakiki wa jarida hajawaambia kwa ukali.

1. Data ya obiti ya kwanza ya Hubble, darubini ya angani, itupeni. Detekta, yaani kihisi cha mwanga, bado inanasa elektroni, na mkunjo unaotokea kwenye data utawapotosha.

2. Nundu si jina la molekuli. Hapa nitakaa. Septemba 2019 makundi mawili, kila moja kivyake, yalitangaza mvuke wa maji kwenye K2-18b, sayari iliyo umbali wa miaka-nuru kama 124, inayozunguka kibete chekundu (nyota ndogo, baridi kuliko Jua) kwa siku 33 hivi. Walioifanya kazi ile ni watu makini, na vipimo vyao vilikuwa vizuri. Kilichowaponza ni wembamba wa dirisha: WFC3, kamera ya Hubble waliyoitumia, iliwaonyesha mikromita 1.1 hadi 1.7 tu, na humo methani nayo hufyonza mwanga karibu palepale. Mwaka 2022 mtafiti Bézard na wenzake walionyesha kwamba kwenye angahewa ya aina ile methani peke yake inatosha kuichora nundu. Kisha 2023 darubini ya angani ya James Webb ikatazama hadi kupita mikromita 5: methani ikajitokeza wazi, kabonidioksaidi pia, maji hayakuonekana kwa uhakika. Jambo hili linaniuma bado. Mtu aliyesikia redioni kwamba kuna maji kule, nani alirudi kumwambia kuhusu methani? Sisi ndio tuliokuwa na deni hilo. Kwa hiyo methani iingie kwenye modeli hata kama hukuitarajia, na modeli isiyo na maji ipewe nafasi sawa na yenye maji. Zikikaribiana kwa kuieleza data, andika kwamba zinakaribiana.

3. Ijue nyota kwanza. Vibete vyekundu vina madoa baridi, na mvuke wa maji unaweza kukaa humo humo. Hata kwenye madoa ya Jua letu umeonekana. Mwaka 2023 mtafiti Sarah Moran na wenzake walipata dalili za maji kwa Webb walipoitazama sayari GJ 486b, wakaeleza waziwazi kwamba huenda ni ya sayari au ya madoa ya nyota. Hawakuchagua upande ambao data haikuwapa. Makala ile isomeni mara mbili.

4. Spektra bapa, isiyo na nundu yoyote, msiifiche kabatini. Sayari GJ 1214b ilitazamwa na Hubble katika mipito 15 (kila mpito ni sayari kupita mbele ya nyota yake), na mstari bapa uliochapishwa 2014 ukatufundisha kwamba kuna mawingu au utusitusi juu kabisa. Kujua hivyo ni matokeo kamili.

5. Mkinitumia rasimu, wekeni masalio (tofauti kati ya data na modeli) ya kila mpito peke yake. Wastani pekee sitausoma.