Tangi la samaki la lita 100 juu ya meza ya tivii? Usithubutu

Ndugu, hiyo meza ya tivii unayoulizia kama inafaa kuwekea tangi la samaki, achana nayo kabisa. Lita moja ya maji ni kilo moja, so hapo una kilo 100 za maji tu, bado kioo, changarawe na mawe, na meza za chipbodi zikilowa kidogo zinavimba zinaachia. Tafuta stendi imara alafu weka pimamaji (kile kifaa cha fundi cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa) juu yake, urefu na upana, KABLA hujajaza, maana kona moja ikining'inia kioo kinaelemewa, mi nimeshaona ufa mwembamba kama unywele umeanzia konani, asubuhi sebule nzima imeloa. Na waya wa pampu uache ulegee ushuke chini ya soketi ndo upande, matone yadondoke sakafuni yasifuate umeme.