Nimeenda kupima presha, mbona naulizwa habari za usingizi?

SWALI: Dokta habari. Nina miaka 54, presha natibiwa mwaka wa tatu sasa na kila mwezi naenda kliniki kuchukua dawa. Juzi nesi kanipima vizuri tu halafu katoa karatasi, akaanza kuniuliza kama nalala, kama vitu nilivyokuwa navipenda bado navifurahia, mpaka akafika kuuliza kama huwa nafikiria bora nife. Nikanyanyuka nikaondoka. Hivi nimeonekana chizi? Na kama ni kweli si wangenipeleka kwa daktari wa akili?

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa kushtuka, manake najua swali lile la mwisho linavyomuingia mtu ambaye hajajiandaa. Hapana, hujaonekana chizi. Karatasi ile ni ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa raha usioisha wenyewe kirahisi, ina maswali 9, yote ni ya wiki 2 zilizopita, na kila moja unajibu kama hali hiyo haipo kabisa, ipo siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku, alama zinajumlishwa toka 0 hadi 27. Ikifika 10 kupanda juu ndio anakaa na wewe zaidi akusikilize, kwa sababu alama peke yake haijasema unaumwa.

Sasa kwanini kwenye presha? Sababu sonona mara nyingi inajitokeza mwilini, kichwa kinauma, mgongo, uchovu usioisha, usingizi unakatika saa tisa usiku haurudi tena, na mtu anapewa dawa za maumivu miezi na miezi. Halafu mwenye sonona anachoka hata kumeza dawa zake, presha haishuki, daktari anaongeza dozi, kumbe vidonge vya mwezi uliopita viko kwenye pochi havijaguswa. Hayo nimeyaona kwa macho yangu kwa mama mmoja na yaliniuma sana, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza yule mama analalaje.

Kuhusu daktari wa akili, nchi nyingi hawatoshi kabisa, na wagonjwa wengi hawawafikii. Ndio maana Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mpango wa mhGAP mwaka 2008, kuwafundisha manesi na madaktari wa kawaida kutibu sonona, kifafa, ulevi na mengine pale pale mtu anapotibiwa kila siku. Unaweza kusaidiwa kwa mazungumzo ya wiki kadhaa na mtu aliyefundishwa, au kwa dawa, na hapo naomba unisikilize vizuri, dawa za sonona zinachukua wiki 2 mpaka 4 kuanza kufanya kazi, kwahiyo usiache siku ya tano ukasema hazisaidii, na hata ukipona kawaida unaendelea nazo miezi 9 mpaka 12. Kwa bingwa unapelekwa kama hali ni nzito au tiba ya hapo imegoma.

Kumuuliza mtu habari za kufa hakumpandikizii wazo, wengi wanashusha pumzi tu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Mama, kama uliondoka kwa sababu lilikugusa kweli, rudi leo au kesho, usisubiri tarehe ya dawa, na usikae peke yako, mwambie mtu wa nyumbani unayemwamini. Ila kama uliulizwa mlango wazi na foleni inasikia, hapo walikosea, una haki ya kusema nataka faragha.

SWALI: Mimi ni nesi, tulipewa semina ya siku chache kuhusu haya mambo, narudi nakuta foleni mpaka nje. Naanzia wapi?

JIBU: Anza na maswali 2 ya mwanzo tu, la kukosa raha na la huzuni, anayekubali mojawapo ndio umalizie 7 yaliyobaki. Mwandikie tarehe ya kurudi kwenye kadi ile ile ya presha au sukari asifungue faili jingine. Mkomalie mkuu wako mpate mtu wa kuwapigia simu mkikwama, manake semina bila usimamizi inakufa haraka sana. Na ukifika lile swali la 9 weka kalamu chini, mwangalie, umuache ajibu hata akinyamaza muda mrefu.